Retour na Frustration: historia ya namba iliyofichwa

Kwenye michezo ya Pokémon kuna shambulio ambalo ukifungua maelezo yake kutafuta nguvu, hukuti namba. Mashambulio mengi yanajieleza yenyewe: hili 35, hili 85, hili 120. Hili lina vistari vitatu tu. Kwa Kifaransa, lugha tuliyochezea sisi watoto wa Ngagara, linaitwa Retour. Lina ndugu yake anayeitwa Frustration, na yeye ana vistari vitatu vilevile. Vijana wa senta yetu hapa Kakuma wanacheza toleo la Kiingereza kwenye simu, kwa programu ile ya emuleta, lakini mabishano ni yaleyale tuliyokuwa nayo sisi: mbona yako inapiga hivyo, na yangu ni kama imeguswa tu, na wote tuko leveli 30, na mnyama ni yuleyule?

Nimeulizwa hilo swali mpaka nimeamua kuliandika. Jibu lake ni fupi: kila kiumbe ana namba moja ya urafiki ambayo mchezo unaificha, na nguvu ya shambulio inatoka humo. Lakini historia ya hiyo namba ni ndefu kidogo, na mimi imenishika kwa sababu ambazo si za mchezo peke yake. Wewe ambaye hujawahi kucheza usikimbie, nitakwenda pole pole. Na wewe wa shirika unayepita nyuma ya vijana na kusema wanapoteza muda, kaa nawe kidogo.

Tuanzie Japani. Aliyebuni Pokémon ni Satoshi Tajiri, mtu ambaye utotoni, pembeni ya Tokyo, alipenda sana kukamata wadudu. Alipokua akakuta mashamba na mabwawa ya utoto wake yamefunikwa na nyumba na barabara. Akataka watoto wa mjini nao wapate ile raha ya kutafuta mdudu, kumpata, na kumwonyesha mwenzako. Michezo miwili ya kwanza, Nyekundu na Kijani, ilitoka tarehe 27 Februari 1996 kwa ile mashine ndogo ya mkononi ya Nintendo, Game Boy. Kitu kilichomvutia Tajiri kwenye Game Boy ni waya. Unaunganisha mashine mbili, yako na ya mwenzako, na kiumbe anahama kupitia waya. Kwa makusudi kabisa walitengeneza viumbe wanaopatikana kwenye Nyekundu ambao kwenye Kijani hawapo, na wengine wanne hawafiki hatua yao ya mwisho mpaka wabadilishwe na mtu mwingine. Kwa hiyo urafiki ulikuwepo tangu mwanzo, ila ulikuwa kati ya mtoto na mtoto. Mnyama alikuwa mali tu.

Kilichobadilisha mambo ni katuni. Ilianza kwenye televisheni ya Japani mwezi wa nne mwaka 1997, na ndani yake kuna Pikachu anayekataa kuingia kwenye mpira wake. Anatembea nyuma ya mwenzake kwa miguu, ananuna, anacheka, na siku ya kwanza kabisa anampiga shoti. Watoto wakapenda. Tarehe 12 Septemba 1998 ikatoka Pokémon ya Manjano, ambamo Pikachu anakufuata nyuma njia nzima. Ukigeuka ukamsemesha, uso wake unajitokeza kwenye skrini: amefurahi, amechoka, hakutaki. Nyuma ya ule uso kulikuwa na namba, na mchezo haukukuambia ni ngapi. Kuna msichana mmoja kwenye mji fulani anayetunza wanyama waliopata shida. Anakupa mmoja bure, lakini kwanza anaangalia kama Pikachu wako anakupenda vya kutosha. Kama bado, hakupi, na wala hakuelezi sababu.

Mwaka uliofuata, tarehe 21 Novemba 1999, zikatoka Or na Argent. Ulaya zilifika 2001, na kwetu zilifika zilipofika. Hapo kila kiumbe akapewa hiyo namba, na ndipo Retour na Frustration zikazaliwa.

Sasa hesabu. Namba inaanzia 0 na kuishia 255. Sababu ya 255 si ya ajabu: ndiyo namba kubwa kuliko zote inayoingia kwenye baiti moja, na mashine zile zilikuwa na nafasi ndogo ya kuhifadhi mambo, kwa hiyo urafiki wote wa kiumbe ulipewa baiti moja tu. Nguvu ya Retour ni hiyo namba ugawe kwa 2.5. Ukiwa na 255 unapata 102, na hiyo ni kubwa. Shambulio linaloheshimiwa kama Plaquage lina 85. Frustration ni kinyume chake: unachukua 255, unatoa urafiki, kinachobaki unagawa kwa 2.5. Kiumbe anayekuchukia kabisa, mwenye 0, naye anapiga kwa 102. Zikumbuke hizo 102 mbili, nitazirudia.

Inapandaje? Kwenye Or na Argent, kila hatua 512 mnazotembea pamoja, inapanda 1. Kila akipanda leveli, inapanda 5 kama bado yuko chini ya 100, inapanda 3 akiwa kati ya 100 na 199, na kuanzia 200 inapanda 2 tu. Yaani mwanzo ni rahisi, kadiri mnavyokaribiana ndivyo inavyokuwa ngumu kuongeza. Akizimia vitani inashuka. Na kuna wale wanaokua kwa urafiki tu: Nosferalto, yule popo ambaye kila mchezaji amemchoka kwenye mapango, akifika 220 na kupanda leveli anageuka Nostenfer na hapo hakuna anayemcheka tena. Évoli akifika huko anageuka kitu kimoja mchana na kingine usiku.

Hukuonyeshwa namba, lakini uliachiwa dalili. Katika mji wa Doublonville kuna mama unayemwonyesha kiumbe wa kwanza kwenye kikosi chako, naye anakuambia kwa maneno jinsi mnavyoishi, kama shangazi anavyokutazama siku ya kwanza unaporudi na mke. Na kwenye duka kubwa la mji huohuo, ghorofa ya tano, siku ya Jumapili tu, kuna mwanamke anayegawa mashine za kufundishia mashambulio. Kama kiumbe wako anakupenda anakupa Retour. Kama hakupendi anakupa Frustration. Hakuulizi unataka ipi.

Hapa kuna jambo la lugha ambalo nililigundua nikiwa mkubwa, na nalipenda sana. Kwenye Kifaransa ile namba inaitwa bonheur, yaani furaha. Kwa hiyo sisi Ngagara tulikuwa tunabishana kama mnyama ana furaha, hatukusema urafiki kabisa. Kwa Kiingereza watu wanasema urafiki. Lakini neno la Kijapani ni natsuki, na maana yake ni ile hali ya mnyama au mtoto anapokuzoea mpaka anaacha kukuogopa na anakufuata mwenyewe. Hiyo siyo furaha, na urafiki hasa siyo. Kiswahili kinalo neno lake tayari: mazoea. Kirundi nacho kina kumenyera. Wazungu ndio walitafsiri kwa shida.

Na majina ya mashambulio yalipotea njiani vilevile. Retour kwa Kijapani ni ongaeshi, kulipa fadhila. Mtu alikutendea wema, sasa ni zamu yako. Mtoto wa Ngagara akisikia retour anafikiria kurudi, na kwa mkimbizi wa Burundi neno hilo lina uzito wake, kila mtu hapa anajua fomu zake. Frustration kwa Kijapani ni yatsuatari: umekasirishwa na mtu mmoja, hasira unaimalizia kwa mwingine asiyehusika. Nilipoujua huo mtafsiri nilikaa kimya kidogo, maana uliniletea mtaa wetu.

Ngagara iko kaskazini mwa Bujumbura. Wazee bado wanaiita Ocaf, kwa jina la ile ofisi ya Wabelgiji iliyojenga makazi ya Waafrika mijini miaka ya 1950. Mitaa yake inaitwa kwa namba, Quartier 1, Quartier 2, na kuendelea, ndiyo maana mtu wa Ngagara ukimuuliza anakaa wapi anakujibu kama mwanafunzi wa hesabu. Pembeni kuna Cibitoke, mbele kidogo Kamenge na Kinama. Ni mwendo wa miguu. Mimi nimekulia huko, na Game Boy Advance ya kwanza niliyoshika ilikuwa ya mtoto wa baba mdogo, aliyetumiwa na ndugu wa Ubelgiji. Tulikuwa sita kwa mashine moja. Zamu ilikuwa dakika kumi, na betri zikichoka tunaziweka juani, eti zinapona.

Hatua za kwenda Kamenge nilizitembea bila kufikiri, kununua simu mbovu na kuangalia mpira. Baba yangu hakuzitembea kwa miaka. Rais Melchior Ndadaye aliuawa tarehe 21 Oktoba 1993, na katika miaka miwili iliyofuata mitaa ya Bujumbura ikagawanyika. Kamenge na Kinama zikabaki na Wahutu. Ngagara, Nyakabiga, Musaga zikabaki na Watutsi. Cibitoke iliyokuwa na mchanganyiko ikafukuza nusu yake. Mwezi wa tatu 1995 ikafika zamu ya Bwiza na Buyenzi, Buyenzi ya Waswahili ambako watu walikuwa wameoana kiasi kwamba kutenganisha ilikuwa kama kutoa chumvi kwenye mchuzi. Mwezi wa sita mwaka huohuo jeshi likaingia Kamenge. Naandika hivi kwa sababu ndivyo ilivyokuwa, na wasomaji wa kurasa hizi wametoka pande zote, sihesabii mtu.

Waliokuwa mstari wa mbele walikuwa vijana. Upande wetu walijiita Sans Échec, Wasioshindwa, na Sans Défaite, ambayo ni jina lilelile kwa neno jingine. Upande wa pili nao vijana walishika silaha. Zilikuwepo zile siku za ville morte, mji umekufa, barabara zimefungwa na mtoto wa miaka kumi na saba anaamua nani apite. Kulikuwa na sababu ya hasira, kila mmoja alikuwa na maiti wake. Lakini aliyelipa alikuwa fundi baiskeli, mama muuza mboga, mwanafunzi aliyechelewa kurudi. Yatsuatari. Na ilikuwa na nguvu, tusidanganyane. Ilihamisha mitaa mizima. Ndiyo maana nimesema ukumbuke zile 102 mbili: mtengeneza mchezo aliona kitu ambacho sisi wa kazi ya vijana hatupendi kukisema mbele ya wafadhili, kwamba kikundi kilichojengwa kwa uchungu kinaweza kupiga kwa nguvu sawasawa na kikundi kilichojengwa kwa upendo.

Tofauti iko kwenye muda. Kiumbe mpya, wengi wao, anaanza na 70. Piga hesabu. Retour yake ni 28, dhaifu kuliko Charge ya 35, lile shambulio la kwanza kabisa ambalo hata panya wa njiani analo. Frustration yake siku hiyohiyo ni 74. Hajafanyiwa ubaya wowote, amefika tu, hajakuzoea, na tayari Frustration inapiga karibu mara tatu ya Retour. Anayetaka nguvu ya haraka anajua achague ipi.

Na hii ndiyo sehemu ya kubadilishana, ambayo kwa mtu wa kambini haihitaji maelezo marefu. Kiumbe uliyemlea mpaka 255 ukimtuma kwa waya kwenda kwa mwingine, namba yake inafutwa na anaanza tena pale alipoanzia, kwa wengi ni 70. Leveli yake inabaki. Mashambulio yake yanabaki. Hata jina la mtu wa kwanza aliyemkamata linabaki limeandikwa kwake, halifutiki. Mazoea tu ndiyo yanafutwa. Na mchezo unaongeza mawili: kiumbe aliyehamia anajifunza haraka kuliko wenyeji, anapata uzoefu mara moja na nusu, lakini kama ana leveli kubwa na mwenyeji wake bado hajapata beji za kutosha, anakataa amri. Unamwambia piga, analala.

Nimefanya kazi ya insentivu na vijana hapa kwa miaka kadhaa, na nimeona hao wanaojifunza mara moja na nusu. Mtoto wa Kirundi anafika bila neno la Kiingereza, mwaka mmoja tu anawasomea wazazi barua. Na huyohuyo ukimwambia aje kwenye mkutano wa vijana analala. Tunaandika kwenye ripoti kwamba hashiriki. Hakuna sehemu ya kuandika kwamba yuko 70.

Wakati Ngagara inawaka kulikuwa na mahali pa pili pa kuangalia, mwendo mfupi tu. Mwaka 1991 wamisionari wa Xaveri walifungua Centre Jeunes Kamenge kwa ajili ya vijana wa mitaa ya kaskazini: Kamenge, Kinama, Cibitoke, Ngagara, Buterere na Gihosha. Kulikuwa na mpira, basketi, vitabu, masomo ya lugha. Vita ikaja miaka miwili baadaye na senta ikawa katikati yake. Waliendelea. Mwaka 2002 senta hiyo ilipewa tuzo ya Right Livelihood, ile ambayo watu wanaiita Nobel ya upande wa pili. Nikisoma kuhusu kazi yao sioni ujanja wowote mkubwa. Naona vijana waliofukuzana wakiitwa kucheza basketi kwenye uwanja mmoja, tena na tena, hatua 512 kwa nukta moja. Kwa kipimo cha mwezi wa kwanza senta kama ile ni Retour ya 28, na mtu wa kuhesabu matokeo ya robo mwaka angeifunga.

Kuna sehemu ambapo ile namba ilionekana, na sipendi kuitaja kwa sauti nyepesi. Tarehe 30 Aprili 1997, kwenye seminari ndogo ya Buta, mkoa wa Bururi, waasi waliingia bwenini alfajiri na kuwaamuru wanafunzi wajitenge, Wahutu huku, Watutsi kule. Walikataa. Waliuawa arobaini. Mkuu wao, Padri Zacharie Bukuru, alikuwa ametumia miaka ya vita kuwazungumzisha na kuwakalisha pamoja, na hakuna ripoti ambayo ingeweza kuonyesha kabla ya asubuhi ile kwamba kazi imeshika. Hapa mfano wa mchezo unafika mwisho. Nguvu ile haikumpiga mtu yeyote.

Nirudi kwenye vitu vidogo. Katika Or na Argent kuna dawa za mitishamba, chungu, zinauzwa bei rahisi. Zinaponya vizuri, moja inamwinua hata aliyezimia na kumrudishia afya yote. Wachezaji wapya wanafurahi, wananunua kumi. Wasichojua ni kwamba kila kijiko kinashusha urafiki, 5 kwa ile nyepesi, 15 au zaidi kwa ile inayoinua waliozimia. Kiumbe anapona mwili na anakumbuka uchungu. Dawa za kawaida za duka hazina shida hiyo, ila ni ghali.

Nawaomba wasomaji wangu wa mashirika waisome aya hiyo mara mbili. Sisemi msaada ni mbaya. Mimi mwenyewe nimekula kutoka humo na kusoma kutoka humo. Nasema kuna namna mbili za kumpa mtu unga uleule. Kusimama juani saa tano ili uitwe kwa namba na kupigiwa kelele na kijana wa rika langu mwenye kizibao, hiyo ni dawa chungu. Tumbo linashiba. Kisha baada ya miezi sita mnaita mkutano wa mshikamano wa jamii, mnaleta soda, na mnashangaa kwa nini watu wanachukua soda na kwenda.

Kuna kitu ambacho mchezo ulikosea, kwa maoni yangu. Mnyama hana namba yake juu yako. Yeye anakuzoea, anakuchoka, anakusamehe, lakini hakuna baiti inayopima kama wewe unamjali au unamtumia tu. Wachezaji wa mashindano wanajua hili vizuri. Wapo wanaomtembeza kiumbe barabarani huku na huko mpaka namba ijae, bila hata kuangalia skrini, wanataka 102 yao. Wapo wanaomlisha dawa chungu makusudi mpaka 0 ili Frustration ijae. Kwa hesabu ni kitu kimoja. Kwetu Burundi zamani mtu alipogabirwa ng'ombe, kitu kilitoka pande zote mbili: aliyetoa alikuwa na wajibu na aliyepokea alikuwa na wajibu, na majirani walikuwa wanaangalia. Hapakuwa na usawa, si kwamba napamba mambo ya kale. Mkubwa alibaki mkubwa. Lakini mzee aliyemsahau mtu wake alikuwa anajulikana hivyo.

Namba haikubaki ilivyokuwa. Mwaka 2013, kwenye X na Y, watengenezaji walileta sehemu ya kumpapasa kiumbe kwenye skrini na kumpa keki, na hapo upendo ukaonyeshwa kwa mioyo unayoweza kuihesabu. Mwenye mioyo mingi aliweza kukwepa pigo, kujiponya mwenyewe, kubaki na nukta moja ya uhai pale alipopaswa kuanguka, eti hataki kukuhuzunisha. Wengi walifurahi. Mimi nadhani kitu kilipungua, maana ukiona mioyo mitatu unajua unahitaji keki mbili, na hapo ni duka. Mwaka 2019 ilipotoka Sword na Shield, Retour na Frustration zikaondolewa kabisa. Miaka 20 kamili tangu zianze.

Lakini mwaka huohuo 2019 zilikuwa zimeingia mlango mwingine, kwenye Pokémon GO, ule mchezo wa kutembea na simu. Humo kuna viumbe wa kivuli, walioachwa na genge lililowafunga mioyo. Kila mmoja anakuja akiwa amebeba Frustration, dhaifu sana, na kwa siku za kawaida huwezi kumfundisha kuiacha. Ukimtakasa, Frustration inageuka Retour. Inapendeza. Ila mwaka 2020 wakaongeza sheria: wa kivuli anapiga kwa nguvu zaidi, kama asilimia 20 zaidi ya mwenzake aliyetakaswa, na yeye akipigwa anaumia zaidi kwa kiasi kama hicho. Matokeo yake wachezaji wengi hawawatakasi. Wanawaacha na kivuli chao kwa sababu wanashinda haraka, na wakianguka wanaletwa wengine.

Nilipowaeleza vijana hilo, kwenye kikao cha Ijumaa, mmoja wa Kongo alisema hiyo si Pokémon, hiyo ni vikundi vya Kivu. Hakuna aliyecheka.

Hapa kwetu mambo ya 2019 hayajafika sana. Simu ni za zamani, memori kadi ni ndogo, na wengi wanacheza matoleo ya Game Boy Advance ambamo namba bado imefichwa na Retour bado ina vistari vitatu. Na kuna tofauti moja ya emuleta ambayo watu wa Nintendo hawakuipanga. Ukimtuma kiumbe kwa waya namba inafutwa, lakini ukinakili faili nzima kutoka kadi moja kwenda nyingine hakuna kinachofutwa, maana mchezo haujui kwamba mikono imebadilika. Kwa hiyo vijana wanaopata safari, Canada, Marekani, Australia, wengi wanaacha faili. Ile inayozunguka zaidi kwenye senta yetu ina Nostenfer wa leveli 71 mwenye urafiki uliojaa, na jina la kwanza juu yake ni la kijana wa Kinama aliyeondoka 2022. Waliomshika tangu hapo ni wa Uvira, wa Juba, wa Mogadishu, na sasa hivi ni binti wa Q5 kwetu Ngagara, ambaye amemfundisha Retour mwezi uliopita na anawatoza wenzake biskuti kupigana naye.